Kigelegele cha Bi Semeni

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Morogoro, na anayezungumza nanyi ni mimi, Abdulatif Kibwana. Muda huu mmezoea kunisikia nikisoma matokeo ya mechi na kugombana na waamuzi ambao hata hawanisikii. Leo sigombani na mtu. Sogeza kikombe chako cha chai, ukae nami. Leo tunamkumbuka Bi Semeni Mwinshehe wa Kilakala.

Bi Semeni alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Presha ilimsumbua tangu Ramadhani. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri, makaburi ya Kola. Ameacha mtoto mmoja, Mwanaheri, na wajukuu watatu. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Semeni Mwinshehe, wa Kilakala, miaka sitini na tisa, shabiki wa timu ya Bondwa kwa miaka hamsini na moja.

Najua wengi wenu jina la Semeni hamlijui. Lakini nikisema Bi Nuksi, nusu ya mji mmeshamjua. Basi Bi Nuksi ndiye huyo Bi Semeni. Na aliyelisambaza jina hilo mji mzima ni mimi, kwa kipaza sauti hiki hiki. Tutafika huko. Sikimbii.

Tuanze mwanzo. Bi Semeni alizaliwa Mlali, chini ya milima, kwa watu wa jembe. Mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na minane, aliolewa na kuletwa mjini. Mumewe aliitwa Mansuri. Siku za kazi Mansuri alikuwa fundi mitambo kiwandani. Jumamosi alikuwa winga wa kushoto wa Bondwa. Siku hizo Bondwa ilikuwa timu ya wafanyakazi. Wachezaji walitoka zamu saa nane, saa kumi wako uwanjani na jezi zao za bluu, grisi bado iko kwenye kucha.

Semeni alikuwa hajawahi kuona mpira wa watu waliovaa jezi. Siku ya kwanza hakwenda kutazama, alikwenda kumpelekea mumewe chakula. Akachelewa kuondoka. Kipindi cha pili Mansuri akapiga krosi, mtu akaweka kichwa, wavu ukatikisika. Bibi harusi wa juzi, na bakuli lake la wali mkononi, akapiga kigelegele. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Hakukuwa na mwanamke mwingine zaidi ya wauza karanga.

Hicho kigelegele, wasikilizaji, mkikumbuke. Kilikuwa kinaanza chini, kinapanda taratibu, na hakishuki mpaka mpira urudishwe katikati. Mzee Thobias, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa Bondwa, miaka hiyo alikuwa kijana asiye na tiketi, anakaa nje ya ukuta. Ameniambia hivi: "Sisi wa nje tulikuwa tunajua goli ni letu au si letu kwa kumsikiliza Semeni. Uwanja ukipiga kelele na kigelegele hakuna, tunakung'uta suruali tunarudi nyumbani. Hatukuwahi kukosea."

Na Bi Semeni alikuwa na desturi moja. Kila mechi aliyokwenda alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuvalia. Kila mchezaji akitoka, anampa mkono. Anamwambia, "Nenda na Mungu." Wachezaji kumi na mmoja, mikono kumi na mmoja, kisha wa akiba. Alianza na mumewe. Mansuri akastaafu mpira, yeye akaendelea. Aliwapa mkono watoto wa wale aliowapa mkono kwanza.

Sasa mtaniuliza, raha ilikuwa wapi? Kwa sababu Bondwa, tuseme ukweli, si timu ya kumfurahisha mtu mara kwa mara. Mimi ni shabiki wake, nina haki ya kusema. Mwaka 1981 mashabiki walipanda lori kwenda Ifakara. Ilikuwa masika. Lori likazama kwenye tope, wakalisukuma, likazama tena mbele. Walifika mapumziko. Bondwa keshafungwa manne. Wanaume wakakaa chini hawataki hata kutazama. Bi Semeni, matope mpaka magotini, akaenda mlangoni akawapa mkono wachezaji wote, maana alikuwa amekosa kuwapa mwanzoni. Kipindi cha pili Bondwa wakafunga moja. Moja tu. Kigelegele kilipigwa kana kwamba kombe limekuja. Waliorudi na lori lile wanasema njia nzima habari ilikuwa goli hilo. Yale manne hayakutajwa.

Na kuna ile ya Mikese. Mwaka 1986 Bondwa walikwenda kucheza Dar es Salaam. Mtu akapiga simu posta, ikasemwa tumeshinda mbili kwa moja. Mashabiki wakakodi magari na ngoma, wakaenda kuwasubiri wachezaji Mikese, ili waingie nao mjini kwa shangwe. Wakakaa pale barabarani tangu saa sita mchana, wanakula mahindi ya kuchoma. Saa kumi na moja basi likafika. Ngoma zikalia. Wachezaji wakachungulia madirishani, nyuso zimewashuka. Mbili kwa moja ilikuwa kweli, ila waliofunga mbili ni wale wengine. Ngoma zikaanza kufifia moja moja. Bi Semeni akawaambia wapigaji, "Pigeni tu. Watoto wamechoka, na ngoma tumeshakuja nazo." Wakaingia mjini kwa shangwe, wamefungwa.

Mansuri alifariki mwaka 1994. Bi Semeni akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Bondwa walicheza mechi tisa katika muda huo. Mwanaheri alikuwa na miaka kumi. Ameniambia, "Mama alikuwa ananituma uwanjani. Nikirudi ananikalisha jikoni, nisimulie. Nikisema tumefungwa moja bila, hatosheki. Ananiuliza, kona ngapi? Beki wa kulia alivuka nusu ya uwanja au alikaa tu? Mimi nilikuwa nimetazama watu wanaokula barafu. Nikawa natunga. Akanigundua mechi ya tatu."

Kiwanda kilipofungwa, timu ikabaki haina mwenyewe. Mashabiki wakaichukua. Ikashuka daraja. Ikapanda. Ikashuka tena. Bi Semeni alikuwa anauza karoti na njegere sokoni, na Jumamosi saa nane meza yake ilifunikwa turubai, hata kama mteja amesimama. Wenzake sokoni walikuwa wanamtania: "Semeni, hiyo timu ilikupa nini?" Anajibu, "Hainipi kitu. Ndiyo maana sina cha kuidai."

Sasa tufike mwaka 2014. Nautaja mara mbili, 2014, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka huo Bondwa walicheza mechi saba nyumbani bila kushinda hata moja. Saba, wasikilizaji. Mashabiki wana kamati inaitwa kamati ya ufundi. Mnaojua mpira wa kwetu mnajua kamati hiyo haimfundishi mtu kupiga penalti. Walivunja mayai kwenye geti. Waliwarusha wachezaji ukuta, wasipite mlangoni. Kipa akateguka kifundo cha mguu akiruka, kabla mechi haijaanza. Ndipo wakaenda milimani kwa mtaalamu wao, na mtaalamu akawaambia: kuna mtu anawashika mikono wachezaji wenu kabla ya kuingia, huyo mtu ndiye mwenye nuksi.

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

Mzee Thobias ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Juzi nilimuuliza kwa nini walikubali. Mzee huyu ana miaka sabini na miwili sasa, hana haja ya kuficha. Alisema, "Tulikuwa tumefungwa sana, Abdulatif. Mtu akifungwa sana anatafuta sababu. Refa tulishamlaumu. Kocha tulishamfukuza. Uwanja tulishausema. Akabaki mtu ambaye tukimlaumu hatagomba."

Wakaenda Kilakala watu watatu. Wakapewa chai. Wakasema walichokwenda kusema. Mwanaheri alikuwepo, na anakumbuka maneno. Mama yake aliwauliza, "Nikikaa nyumbani mtashinda?" Mzee Thobias akajibu, "Inshallah." Bi Semeni akasema, "Basi nakaa."

Ndivyo alivyofukuzwa uwanjani mwanamke aliyekwenda pale miaka arobaini. Kwa kikombe cha chai.

Jumamosi iliyofuata Bondwa wakashinda mbili bila. Na mimi, Abdulatif, nikiwa kijana mwenye kipindi kipya na hamu ya kuchekesha watu, nikawaambia wasikilizaji: "Bondwa mbili, wageni sifuri, na Bi Nuksi kabaki nyumbani." Watu wakapiga simu, wakacheka. Nikaona nimepata jambo. Kila Bondwa wakishinda, nilisema Bi Nuksi yuko nyumbani, tunamshukuru. Wakifungwa, nilisema mtu akamchungulie Bi Nuksi, labda katoroka. Jina likakaa. Vijana wa sokoni wakawa wanamwita hivyo mbele ya meza yake ya karoti. Mimi sikuwahi kumwona kwa macho. Sikujua hata sura yake. Nilikuwa na jina tu, na jina lilinitosha.

Mwanaheri ameniambia jambo moja ambalo sikulijua. Mwaka ule ule mama yake alimpa jirani redio yake. Ilikuwa redio nzima, inafanya kazi. Alisema imechoka. Redio haikuwa imechoka, wasikilizaji. Ilikuwa inashika kituo hiki.

Miaka kumi na moja ikapita. Kumi na moja. Kwa mnavyojua ninyi, na mimi, na Mzee Thobias, Bi Semeni hakukanyaga tena uwanjani. Kila siku ya mechi alimwambia mwanawe, "Nakwenda Mlali, shambani." Anaondoka saa saba, anarudi magharibi na mihogo. Mwanaheri anacheka sasa akisimulia. "Siku moja mama karudi na mihogo imeshamenywa. Nikanyamaza. Siku nyingine karudi nayo imeshakaangwa, iko kwenye gazeti. Nikamuuliza, mama, huko Mlali siku hizi mihogo inaota na chachandu? Akaniambia, kula, unyamaze."

Katika miaka hiyo kumi na moja Bondwa walishuka daraja mara moja, wakapanda, wakafungwa na kila mtu, wakawafunga baadhi. Ilikuwa Bondwa ile ile. Kamati ya ufundi haikukaa chini kujiuliza kwa nini nuksi imeondoka na vipigo vimebaki. Wala mimi sikujiuliza. Tulishapata mtu wa kumsema.

Halafu ukafika mwezi Juni mwaka huu. Mnakumbuka. Bondwa na Mkata Stars wa Kilosa, mechi ya mwisho, nyumbani kwetu, atakayeshinda anapanda daraja, daraja ambalo hatukulikanyaga kwa miaka thelathini. Mpaka dakika ya themanini na saba ni bila kwa bila. Dakika ya themanini na nane kona, mpira ukamgonga beki wetu begani, hata yeye hakujua, ukaingia. Bondwa tumepanda. Watu wazima walilia. Mimi nilipoteza sauti siku tatu. Na siku ile niliwaambia wasikilizaji, kwa sauti iliyobaki, kwamba mmoja tu hajaiona furaha hii, naye yuko nyumbani Kilakala, na tumwache huko huko.

Nilisema hivyo. Kanda ipo.

Sasa tuje msibani. Baada ya maziko, Mwanaheri alifungua sanduku la mama yake atafute nguo za kugawa. Akakuta kanga. Kanga za rangi zote. Njano, kijani, nyekundu, zambarau, rangi ya chungwa. Ya bluu ilikuwa moja tu, ya zamani, iko chini kabisa. Mwanaheri alikaa kitandani akashindwa kuelewa. Mama yake hakuwahi kuvaa rangi nyingine siku ya mpira tangu 1974. Aliniambia, "Nilidhani mama kwa hasira ya kufukuzwa alihama timu. Niliona aibu. Nikafunga sanduku, sikumwambia mtu."

Siku ya tatu watu walikusanyika kwa hitima. Uongozi wa Bondwa ulikuja, na Mzee Thobias alikuja. Mimi nilitumwa na kituo. Nilikaa nyuma, karibu na masufuria, mahali panaponifaa. Pilau imeiva, watu wamenawa, mpakuaji anatafuta upawa. Upawa haupo. Kumbe uko kwa Mzee Athanas, kaukalia.

Mzee Athanas mnamjua mnaosafiri na timu zenu. Ndiye mlinzi wa geti la wageni pale uwanjani, miaka thelathini sasa. Ni Mngoni. Na Mngoni kwa Mluguru ni mtani, na mtani msibani anafanya atakalo, hakuna wa kumkaripia. Akasema, "Leo Waluguru hamli mpaka niseme. Huyu mwenzenu alikuwa na deni la maneno, na mimi ndiye mdhamini." Watu wakacheka. Wakamwambia, sema basi, pilau inapoa.

Akasema. Nawapa maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Ile Jumamosi ya kwanza mlipomfukuza, mimi niko getini kwangu. Saa tisa na nusu namwona ng'ambo ya barabara, kanga kichwani, amesimama. Nikamwambia, Mluguru, mlango wenu uko upande wa pili. Akasema, kule nimekatazwa. Nikamwambia, huku wanaingia wageni, na wewe leo ni mgeni, kata tiketi upite. Akakata. Nikamshika bega. Nikamwambia, sharti moja. Kigelegele hapana. Kigelegele chako kinajulikana mpaka Kihonda. Ukikitoa tu, wale wenzako watavuka uwanja kuja kukutoa, na mimi kazi yangu imekwisha. Akasema, nitaweza. Mimi moyoni nikasema, hawezi huyu."

Mzee Athanas akajiweka sawa juu ya upawa, akaendelea.

"Bondwa wakafunga goli la kwanza. Nikamwangalia. Kachukua pindo la kanga, kaliingiza mdomoni, kaliuma, mpaka mpira ukarudi katikati. La pili vile vile. Nikasema, huyu mama ni chuma."

Wasikilizaji, mmesikia? Ile Jumamosi ya kwanza. Ile ya mbili bila. Ile niliyosema Bi Nuksi kabaki nyumbani. Alikuwa ndani.

Alikuwa ndani siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata, na miaka kumi na moja yote. Alikaa upande wa wageni, safu ya pili kutoka chini, kila mechi ya nyumbani. Kanga ya bluu ilikuwa inamtofautisha na watu, kwa hiyo akawa anavaa rangi ya wageni wa siku hiyo. Ndizo zile za sandukuni. Bondwa wakifunga, anauma kanga. Bondwa wakifungwa, watu waliomzunguka wanaruka na kumkumbatia, naye inabidi akumbatike. Mzee Athanas anasema hilo la pili ndilo lililomtesa zaidi. Lakini anasema pia siku moja, baada ya wageni wa Ifakara kufungwa, Bi Semeni alimwambia akitoka, "Athanas, kumbe na wenzetu wanaumia hivi hivi." Alishangaa kabisa. Miaka arobaini upande mmoja wa uwanja, hakuwahi kuwaona kwa karibu.

Hapo mtu mmoja mle msibani akamwambia Mzee Athanas kwamba anatunga, ndiyo kazi ya watani. Mzee Athanas hakukasirika. Akamgeukia Mwanaheri. "Binti, kanga zake ziko wapi? Lete, utazame mapindo."

Mwanaheri akaingia ndani. Akarudi amezikumbatia zote. Zikapita mkono kwa mkono. Nyekundu, pindo limechakaa pembeni. Kijani, limechakaa. Ya njano ilipofika kwangu niliishika mwenyewe. Ile ya Mkata Stars, ya mwezi Juni. Imetoboka. Matundu madogo madogo, yamepangana, ya meno.

Hakuna aliyesema anatunga tena. Mwanaheri alikuwa analia na kucheka, akasema, "Mihogo ya Mlali."

Mzee Athanas akamalizia. Siku ile ya kupanda, filimbi ya mwisho ilipolia, alimfuata kwenye kiti chake. "Nikamwambia, Mluguru, leo nimekufungulia. Kazi wakitaka waichukue. Piga. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wa Mkata wote wanalia. Kuna mama mmoja kalala kwenye ngazi, jezi kaifunika uso. Akaniambia, Athanas, nitapigaje kigelegele kwenye msiba wa watu? Akaenda kumwinua yule mama. Akamwambia, poleni, mwakani."

Nikamuuliza Mzee Athanas mbele ya watu, kwa nini hata baada ya kupanda hakusema kwamba alikuwepo? Alijibu, "Nilimuuliza. Akasema, wakijua nilikuwa ndani, watasema ningekaa nyumbani tungeshinda tatu."

Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Na wewe usiniulize sana. Wewe siku ile ulimhoji."

Wasikilizaji wapendwa, nilirudi kituoni nikaitafuta kanda. Ni kweli. Baada ya mechi ile nilivuka kwenda upande wa wageni nichukue maneno ya waliofungwa, maana kipindi kinanoga ukiwa na kilio kidogo. Nikamwona mama mtu mzima wa kanga ya njano, amekaa ametulia. Nikampelekea kipaza sauti. Haya ndiyo mazungumzo yetu, neno kwa neno.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Poleni kwa kufungwa."

Akasema, "Marahaba. Wewe ndiye Abdulatif wa redioni?"

Nikasema, "Ndiyo mama, ndiye mimi."

Hapo kwenye kanda pana kimya. Nimekipima, ni sekunde sita. Siku ile nilidhani ni uchungu wa kufungwa. Kisha akasema, "Ahaa. Sauti yako nilikuwa naisikia zamani."

Nikamuuliza, "Mama, moyo unasemaje?"

Akajibu, "Moyo umetulia. Mpira umechezwa, aliyestahili kapanda. Nashukuru Mungu nimeona."

Nikamuuliza, "Umetoka mbali, mama?"

Akasema, "Mbali sana, mwanangu."

Nami nikawageukia ninyi nikasema, sikilizeni, huu ndio uungwana, timu yake imefungwa na bado anashukuru, mashabiki wa Bondwa tujifunze kwa huyu mama. Dakika mbili baadaye ndipo nikasema yale ya Bi Nuksi na abaki nyumbani. Alikuwa bado amekaa pale, hatua tano kutoka nilipo. Alinisikia.

Sina la kujitetea. Nilimwita mtu nuksi miaka kumi na moja bila kumjua, na siku nilipokutana naye nikamwamkia. Aliitikia salamu yangu. Aliniita mwanangu. Mimi Abdulatif Kibwana nilikosea, na kumwomba msamaha nimechelewa, kwa hiyo namwomba Mwanaheri. Jina lile halitatamkwa tena kituoni hapa. Mzee Thobias naye amenipa maneno yake niyasome, na amesema nisiyapambe: "Mimi Thobias nilikosea. Mkono wa Semeni haukuwa na kitu. Sisi ndio tulikuwa hatujui kucheza."

Kwa Mwanaheri na wanawe, kwa ndugu wa Mlali, kwa majirani wa Kilakala na wauza mboga wa sokoni, poleni sana. Mungu amrehemu Bi Semeni Mwinshehe, amweke mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tujitazame. Leo usiku ukilala, jiulize ni nani ulimtupia lawama kwa sababu hagombi. Katika timu, kazini, nyumbani kwako. Yuko. Kila mmoja wetu anaye wa kwake. Mwendee angali anaweza kuitikia salamu yako.

Tangazo langu la mwisho. Jumamosi hii, saa kumi jioni, Bondwa wanafungua msimu nyumbani, katika daraja jipya. Mwenyekiti wa klabu, Evance, alikwenda kwa Mwanaheri kumwambia kwamba kabla ya mechi watasimama dakika moja ya ukimya kwa heshima ya mama yake. Mwanaheri akamwambia hapana. Alisema, "Mama yangu keshanyamaza miaka kumi na moja mle uwanjani. Inatosha. Mkitaka kumheshimu, pigeni kelele."

Kwa hiyo itakuwa dakika moja ya kelele. Wachezaji watatokea mlango wao wa zamani, bila kuruka ukuta, na Mwanaheri atawapa mkono, mmoja mmoja. Refa akipuliza, kina mama wa Morogoro mnaoweza kigelegele, kianze chini, kipande, kisishuke mpaka mpira uwekwe katikati. Na mtakaoingia kwa geti la wageni, Mzee Athanas kanituma niwaambie kwamba Jumamosi hii, hata kule kwake, kigelegele ruksa.